Maji Yalifika Hapa, Nyumbani kwa Pupo

Jumatatu, 3 Februari

Barua imekuja. Imebandikwa mlangoni pa ofisi ya mji kwa gundi nyingi kupita kiasi. Ofisi ya utalii ya mkoa imeona kwamba Santa Quiteria del Brazo ni mji mdogo mno kuwa na waongoza watalii wawili. Abaki mmoja. Doktora Urdaneta atakuja Jumatatu ijayo kutukagua. Atakayeshinda atapewa beji. Atakayeshindwa atarudisha kofia.

Nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu ilikuwa mbaya zaidi.

Miaka kumi na tisa nawatembeza watu mji huu! Tangu watalii walipokuwa wawili kwa mwaka, na mmoja wao alikuwa amepotea njia. Nani aliwaonyesha roshani za mbao? Nani aliwapeleka kwa mafundi wa nyuzi za dhahabu, na makaburini, na kwenye gati zilikokuwa zikifunga meli za mvuke kabla Mto Magdalena haujatuchoka na kuhamia mkono wake wa pili? Mimi, Hermógenes Pupo. Nivue kofia hiyo, nabaki mwanamume asiye na mke, mwenye viti viwili vya kubembea, kimoja kibovu.

Mshindani wangu ni Yadira Cantillo. Miaka ishirini na sita. Cheti cha utalii kutoka Barranquilla. Kipaza sauti cha kuning'iniza shingoni. Ananiita mzee Moje, kifupi cha Hermógenes. Nina hamsini na mbili! Leo tumekutana mbele ya barua, akaniambia kwa upole kabisa, "Usijali mzee Moje, atapata anayestahili." Upole ule umeninyima chakula cha mchana.

Siku saba.

Jumanne, 4 Februari

Nimepata!

Yadira ana cheti. Mimi nina nyumba. Tena iko uwanjani, inatazamana na kanisa. Ina kasoro moja tu, na kasoro hiyo imenitesa tangu shule ya msingi.

Kila nyumba ya mji huu ina mistari yake ya maji. Mto ukifurika, mkubwa wa nyumba hupigilia msumari ukutani pale maji yalipofika, akachora mstari, akaandika mwaka na jina lake. Kisha ndipo anapoanza kuhangaikia kuku. Mstari mkubwa kuliko yote ni wa gharika la 1916. Kila nyumba inao, usawa wa goti. Watalii hupiga picha magoti yao kando yake.

Sisi akina Pupo hatuna. Babu mzaa babu, Don Crisanto, hakupima. Wengine husema alikuwa amelewa wiki nzima. Wengine husema alikosa msumari. Shuleni waliniimba kwamba hata gharika lilipita nyumba yetu likaona haina maana kuingia.

Basi leo, saa saba mchana, mji mzima umelala kwa joto, shangazi Eduvigis anakoroma nyumba ya pili, nikapanda kiti kizima na kopo la rangi nyekundu ya boti. Ndiyo iliyokuwepo. Nilikusudia kuchora usawa wa goti. Lakini kila mtu ana goti! Mkono ukapanda wenyewe. Nimechora juu ya mlango, dhiraa nzima kupita kichwa changu. Chini yake nimeandika: "1916. Maji yalifika hapa. Meli ya mvuke Estrella del Brazo ilifungwa kwenye roshani hii siku mbili. C. Pupo." Nikapaka maji ya kahawa ili ionekane kuukuu.

Rangi imetiririka kidogo hadi chini. Inaonekana kama ukuta unatokwa damu. Si vibaya.

Jumatano, 5 Februari

Ushindi! Niliwaambia majirani kwamba nilikuwa nakwangua chokaa, mstari ukajitokeza. Kufikia saa tatu asubuhi kulikuwa na watu kumi na wanane mbele ya nyumba yangu. Niliwahesabu kutoka dirishani.

Don Arcesio, fundi mwashi, aligusa herufi akasema zinanata. Nikamwambia ni unyevu wa miaka mia na zaidi. Akanusa kidole. Akaondoka huku akikinusa tena.

Halafu akaja Yadira na wageni wake wawili Wajerumani. Alikuja ukutani KWANGU! Wakaniomba nisimulie. Nikasimulia jinsi nahodha alivyoshuka kutoka sitahani moja kwa moja hadi chumbani kwa babu, jinsi walivyokula samaki bocachico na muhogo kitandani kwa sababu meza ilikuwa inaelea. Mjerumani mmoja aliandika kila kitu. Yadira alikuwa akiutazama mstari, kisha mimi, kisha mstari.

Nimekula samaki wawili. Nimewaza mahali pa kubandika beji. Upande wa kushoto, nadhani.

Alhamisi, 6 Februari

Nimekwisha.

Shangazi Eduvigis ana miaka themanini na moja, na kwa miaka hamsini na moja yeye ndiye anayemvisha Santa Quiteria, mtakatifu wa mji wetu, nguo zake kanisani. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kugusa hata kidole cha sanamu. Alikuwa Magangué kwa binti yake tangu jana, akarudi leo na kapu la jibini. Akasimama mbele ya ukuta wangu. Akautazama mstari. Akageuka akatazama kanisa. Akautazama mstari tena.

"Moje, mwanangu," akasema, "maji yakifika hapa kwako, pale kanisani yalifika wapi?"

Sikuelewa. Kisha nikaelewa. Nikakaa kwenye kiti kibovu.

Muujiza! Mji huu una muujiza mmoja tu. Mwaka 1916 maji yaliingia kanisani, yakapanda, yakagusa vidole vya miguu vya Santa Quiteria pale juu ya kiweko chake, yakasimama, yakarudi. Hapo ndipo gharika lilipokwisha. Mstari wa kanisani uko chini ya nyayo zake na watu huubusu. Mistari yote ya mji inalingana nao. Kila Mei tunaibeba sanamu mjini, hatua mbili mbele, moja nyuma, kama maji yalivyofanya.

Nami nimechora maji juu ya mlango wangu. Mtu niliyezaliwa mtoni, nikanywa mto, nikaoga mto, nimesahau kwamba maji husimama sawa kila mahali! Mtoto wa milimani angesamehewa. Mimi sisamehewi.

Nilimwambia shangazi kwamba uwanja una mteremko. Akasema ameufagia uwanja ule tangu akiwa na miaka saba, na fagio lake halijawahi kukuta mteremko.

Jioni watu walitoa viti vyao vya kubembea nje kama kawaida. Viti vyote uwanjani vilinipa mgongo. Hata cha yule mama wa duka la dawa, ambaye ni kipofu.

Ijumaa, 7 Februari

Sijawahi kuona mji huu ukiamka mapema hivi.

Don Arcesio alikuja na mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani, ambao mafundi huutumia kupima usawa wa kuta. Ameuunganisha mpira juu ya mpira mpaka ukavuka uwanja mzima, akaujaza maji. Ncha moja kwenye mstari wangu. Ncha ya pili kanisani. Waliomba mtu wa kuishika ile ya kanisani, na nani akajitolea? Yadira. Kwa ajili ya elimu, alisema.

Watu hamsini. Wengine walikuja na vifungua kinywa. Mimi nilisimama juu ya kiti nikishika ncha yangu, kiti kinabembea, maji yanaruka nje. "Tulia jirani," Don Arcesio akanikemea, "unalifanya gharika liwe baya zaidi." Watu wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichokuwa cha mwisho.

Kwa sababu maji yalitulia. Na kanisani Yadira akapaza sauti, bila kipaza sauti safari hii, kwamba yamefika shubiri mbili juu ya taji la Santa Quiteria.

Kisha mama mmoja akasema polepole, "Kumbe alizama." Mwingine akaanza kulia. Mwanamume mzima, muuza barafu, akavua kofia akaishika kifuani kama yuko msibani.

Nilijaribu. Nilisema labda lilikuwa wimbi la meli. Don Arcesio akasema, "Jirani, wimbi linangoja upigilie msumari?" Nikasema labda sanamu ilielea. Padri Onofre akasema ni ya mwaloni na ina uzito wa ng'ombe. Kisha akatamka mbele ya wote kwamba ama mstari wa Pupo ni mwongo ama wa kanisa ni mwongo, na kwamba Jumatatu Doktora akija, mji utamweleza ni upi. Alikuwa akinitazama mimi, si kanisa.

Shangazi ndiye anayeniogopesha. Alifunga kanisa kwa ufunguo, akaenda kwake, akafunga na madirisha.

Yadira alinifuata hadi mlangoni. Nilijiandaa kutukanwa. Akasema tu, "Mzee Moje, ufute kabla ya Jumatatu. Mimi sitasema." Kwa nini anakuwa mwema? Ana mpango gani?



Jumamosi, 8 Februari

Rangi ya boti haitoki! Ndivyo ilivyotengenezwa. Imeandikwa kwenye kopo: haihofii maji. Nilijaribu sabuni, mafuta ya taa, ndimu. Saa saba mchana, wote wamelala, nikachukua mwiko wa Don Arcesio, ambao aliusahau jana, nikaanza kukwangua chokaa yenyewe.

Juu kulitoka. Herufi zikatoka. Yakabaki yale machozi mekundu yaliyotiririka. Nikayafuata kwa mwiko kuelekea chini. Tabaka la chokaa, tabaka jingine, jingine. Ukuta huu una chokaa nyingi kama jibini letu la matabaka. Nilipofika usawa wa tumbo langu, mwiko ukagonga kitu kigumu.

Msumari.

Msumari wa shaba, wa meli. Kando yake mstari uliochimbwa kwa kisu ndani ya plasta. Na maneno, yamekatwa kwa utulivu, herufi zimenyooka kuliko za kwangu: "1916. Hadi hapa. Bila kuongeza wala kupunguza. Crisanto Pupo."

Nilikaa chini barazani. Hakuwa amelewa! Alipima! Babu mzaa babu alipima!

Halafu nikapiga hesabu, na jasho likageuka baridi. Kama maji yalifika tumboni kwangu hapa, kule kanisani yalifika kiunoni kwa Santa Quiteria. Na mistari yote ya magotini, nyumba zote...

Nilipoinua macho shangazi alikuwa amesimama mbele yangu. Halali mchana siku hizi, kumbe. Hakuutazama mstari kama mtu anayeuona mara ya kwanza.

Akaniambia tuingie ndani, nifunge mlango. Akakaa kwenye kiti kizima. Akanisimulia, na mimi naandika kama nilivyosikia.

Mwaka ule meli zilikuwa zimeanza kupita mkono wa pili wa mto. Huku kina kilikuwa kinapungua, tope linajaa. Wenye maduka walikuwa wanafunga mizigo. Kisha gharika likaja kumalizia. Maji yalipoingia kanisani, wanaume walikuwa kwenye mitumbwi wakiokoa sukari na nguo za dukani. Aliyeingia kanisani ni mama yake shangazi, bibi yangu Tomasa, msichana wa miaka kumi na sita. Maji kifuani. Alimfunga Santa Quiteria mgongoni kwa shuka la altare, ng'ombe mzima wa mwaloni, akampandisha ngazi za mnara wa kengele hatua moja moja. Akakaa naye huko siku tatu bila chakula. Maji yalipopungua akamrudisha kwenye kiweko, akamkausha kwa gauni lake.

Watu walipofungua kanisa wakamkuta mkavu. Wakapiga magoti. Waliokuwa wamefunga mizigo wakafungua. Padri wa wakati huo alijua, na wazee wa mji wakajua, wakakubaliana. Kila nyumba ikafuta mstari wake na kuuchora upya magotini, nyumba baada ya nyumba, ili ulingane na miguu yake. Don Crisanto peke yake alikataa. Alisema yeye amepima kilichokuwepo. Hawakumsemesha tena mpaka alipokufa.

Nikauliza nani aliupaka chokaa mstari wake. Shangazi akasema, "Mama. Aliolewa na mtoto wa Crisanto. Siku ya pili ya ndoa akachanganya chokaa. Mkwewe alikaa kwenye kiti akimtazama, akamwacha apake. Alijua nani alimbeba mtakatifu."

Na kila mwaka kabla ya sikukuu shangazi ndiye aliyekuwa akinipakia ukuta huu chokaa, bure, kwa mkono wake. Nilidhani ni upendo. Nilimwambia hivyo. Akasema ni upendo pia.

Kisha akashika mkono wangu, mkono wenye mwiko. "Mama yangu alipiga magoti mbele ya sanamu ile miaka sitini," akasema. "Akamshukuru kwa kuzuia maji. Mgongo wake ulikuwa umepinda kwa kumbeba. Sasa wewe fanya utakavyo, mwanangu. Ukuta ni wako."

Akaondoka. Nimelia. Naandika hivyo kwa sababu hapa hasomi mtu.

Jumapili, 9 Februari

Sikwenda misa. Nimefunga pazia juu ya ukuta na kulipigilia misumari.

Niandike ukweli: nikimwonyesha Doktora msumari ule, nimeshinda. Yadira hana kitu kama hicho. Hakuna mji wowote mtoni wenye kitu kama hicho! Watakuja maprofesa. Watakuja na brashi ndogondogo. Beji mbili watanipa. Na Crisanto, ambaye jina lake limesukumwa chini ya chokaa miaka zaidi ya mia, atasimama mbele ya watu. Mtu pekee mkweli katika mji huu, na ni wa kwetu! Nani angeamini? Mimi mwenyewe naamini kwa shida.

Lakini kila nikiinuka kwenda kung'oa pazia, naona mgongo wa bibi Tomasa. Nilikuwa naukanda kwa mafuta nikiwa mdogo. Uvimbe mmoja bega la kulia, mkubwa kama embe. Nilimuuliza ulitoka wapi, akasema ni wa kubeba maji. Nikadhani ni ndoo.

Saa tano nikaamua kuonyesha. Saa sita nikaamua kuficha. Saa saba nikaamua kuonyesha nusu, bila jina. Saa nane kichwa kinauma. Nimekunywa chai ya majani ya mchungwa vikombe vitano na sasa natetemeka kwa sababu mbili.

Saa tisa nimechanganya chokaa.

Nimeupaka mwenyewe. Kabla ya kuupaka niligusa kila herufi kwa kidole. Nilimwambia anisamehe. Halafu nikaona aibu, mtu mzima naongea na ukuta, nikapaka haraka.

Chokaa imeniingia jichoni. Kofia yangu nimeitundika. Niliisafisha kwanza, ili nitakapoirudisha iwe safi.

Jumatatu, 10 Februari

Doktora Urdaneta ni mfupi, ana daftari, na anatoka jasho kama sisi. Kwetu kila mwenye ofisi yenye kiyoyozi ni Doktora, hata kama hajawahi kutibu kuku. Lakini huyu anauliza maswali kama daktari kweli. Anakuuliza, kisha anangoja.

Yadira alikwenda wa kwanza. Tarehe, majina, idadi ya nguzo. Alijua uzito wa kengele. Alipofika kwenye gati aliinama akachota mchanga, akauachia kidogo kidogo, akasema, "Hiki ndicho kilichotuua, na ndicho kilichotuhifadhi. Meli zingeendelea kuja, nyumba hizi zingeshabomolewa zamani zijengwe za ghorofa sita." Sikuwahi kufikiria hivyo miaka kumi na tisa. Nilikasirika, kisha nikapiga makofi kabla sijajizuia.

Zamu yangu. Nilisahau kila kitu. Nilisema roshani ni za mbao. Doktora akasema anaona. Nilisema mto uko pale. Akasema anauona pia. Watu walikuwa wanatufuata kwa mbali, mji mzima, midomo imefungwa, wakingoja kufika nyumbani kwangu.

Tukafika. Ukuta mweupe, mbichi, unang'aa mpaka unaumiza macho. Doktora akafungua daftari. Akauliza mbona nyumba hii, katika nyumba zote za uwanjani, haina mstari wa 1916.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na uongo saba umejipanga nyuma ya meno, na nyuma ya huo saba ulikuwepo ukweli mmoja, mzuri kuliko wote. Nilimwona shangazi kwenye kiti chake, uso kama jiwe, mikono imeshikana.

Nikasema, "Kwetu hatukupima, Doktora."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Yule muuza barafu. Sikugeuka. Masikio yalikuwa yananiwaka.

Doktora akaandika. Nilisoma maandishi yakiwa kichwa chini, miguu juu: "Hawakupima." Basi. Historia ya familia yangu.

Beji amepewa Yadira. Nilivua kofia nikampa Doktora, naye hakujua aiweke wapi. Hapo Yadira akasema kitu ambacho bado sikielewi. Akasema anaomba msaidizi kwenye boti la watalii la kwenda bwawani, kuonyesha ndege na mijusi, na kwamba anamtaka mzee Moje kwa sababu sauti yake inasikika hata injini ikiwaka. Doktora alinitazama muda mrefu. Akakubali, kwa sharti moja: niseme kilichoandikwa kwenye kijitabu cha ofisi, na zaidi ya hapo nisiongeze neno. Nikiongeza, Yadira naye atanyang'anywa beji. Niliapa. Niliapa mara mbili, mara ya pili kwa hiari yangu.

Nimerudishiwa kofia.

Jioni nilikaa nje kwenye kiti kibovu. Nikasikia kitu kinaburutwa. Shangazi alikuwa anageuza kiti chake kunielekea. Baadaye mama wa duka la dawa naye akageuza chake, akamuuliza mjukuu wake kama sasa anaangalia upande unaotakiwa.

Nimejifunza. Naandika kwa herufi kubwa: NIMEJIFUNZA. Kuanzia leo ni ukweli mtupu, na kijitabu.

Jumapili, 16 Februari

Safari ya kwanza ya boti. Watalii tisa. Yadira mbele na beji, mimi nyuma na kijitabu. Dakika arobaini nilikuwa mtu mwingine! Nilisoma: huyu ni korongo. Nilisoma: yule ni mjusi. Yadira aligeuka akanitabasamia. Nilihisi karibu niwe mtu mwema.

Kisha tukapita lile bomba kuukuu la moshi la kiwanda cha tofali, lile lililosimama peke yake ukingoni, limeota majani. Bibi mmoja wa kofia ya maua akauliza ni nini. Yadira alikuwa mbele, injini inanguruma, hakusikia. Nikafungua kijitabu. Halimo! Hakuna hata neno! Na bibi yule ananitazama, anangoja, macho makubwa, ametoka Bogotá kwa safari ya siku nzima. Nimwambie ni bomba? Moyo wangu haukuniruhusu.

Nikasema ni mnara wa taa.

Wote wakashangaa. Hapo ningeweza kunyamaza. Nakiri. Lakini mnara wa taa hauwezi kuwa bila mtunza taa. Nikasema alikuwa mwanamke. Nikasema meli zilipohamia mkono wa pili wa mto, yeye aliendelea kuwasha taa kila jioni kwa miaka thelathini, akimngoja nahodha mmoja. Bibi wa kofia akaanza kutafuta kitambaa. Akaniuliza mwanamke huyo aliitwa nani. Jina! Kichwa kitupu! Jasho! Nikasema la kwanza lililokuja mdomoni.

Nikasema aliitwa Urdaneta.

Bibi wa kofia alipiga kelele. Kumbe ni binamu yake Doktora. Alipiga simu palepale botini, injini imezimwa, nasikia kila neno. Doktora amelia. Hakujua kwamba familia yao imetoka kwetu. Anakuja Alhamisi na dada zake wanne kuweka maua kaburini kwa mtunza taa.

Yadira ameniuliza kuna nini, mbona nimepauka. Nimemwambia ni jua.

Leo mchana nimezunguka makaburini, wote wamelala. Nimepata moja lisilo na jina, zuri, lenye kivuli. Tatizo ni dogo tu. Limeandikwa "Baba yetu mpendwa".

Zimebaki siku nne. Nadhani nikipanda waridi la kutambaa mbele yake, likinyweshwa sana, litafunika.